Utando wa Mafuta Juu ya Maji

Kila apitaye Bandari ya Kale ya Mombasa, chini ya Mji wa Kale, ameona mafuta yakitandaa juu ya maji. Tangu zamani mafundi wa pwani hupaka mbao za majahazi sifa, yaani mafuta ya samaki. Na tone lake likianguka baharini, mara huenea na kulaza viwimbi. Mwaka 1774 Benjamin Franklin alieleza jinsi kijiko kimoja cha mafuta kilivyotuliza karibu nusu eka ya bwawa la Clapham, London.

Je, utando huo una unene gani? Mwaka 1917 Irving Langmuir wa Marekani alieleza kwamba unene wake ni wa molekuli moja tu. Tando laki tano za namna hiyo, zikipangwa moja juu ya nyingine, hufikia kama milimita moja. Kichwa cha kila molekuli hupenda maji. Mkia wake huyakimbia na kuelekea juu.

Lakini molekuli hizo zimepangwaje? Jicho haliwezi kuziona, bali mawimbi ya eksirei ni mafupi mno, karibu sawa na nafasi iliyo kati yao. Yakipiga safu zilizopangika, hutawanyika kwa pembe maalumu, na mtaalamu akizipima pembe hizo huijua nafasi yenyewe. Taabu ni kwamba eksirei hupenya majini. Basi wataalamu waliulaza mwali karibu sambamba na maji, mfano wa kijiwe bapa ambacho watoto hurusha kikaruka juu ya bahari bila kuzama. Mwaka 1987 njia hiyo ilileta majibu.

Ilionekana kwamba molekuli zenye mikia iliyonyoka, zikisongwa pamoja, husimama bega kwa bega kama boriti za mikoko zilizofungwa mzigo mmoja. Zenye mikia iliyopinda huacha nafasi.

Jambo hili lamhusu mkulima. Setili alikoholi, aina ya nta iliyopatikana kwanza katika mafuta ya nyangumi, ina mikia iliyonyoka. Kwa hiyo utando wake hupunguza maji yanayopotea hewani kwa jua. Katika miaka ya 1950 ilijaribiwa juu ya mabwawa huko Australia, ingawa upepo uliurarua utando mara kwa mara. Mafuta ya kupikia, ambayo mengi yana mikia iliyopinda, hayazuii hivyo. Basi mtu asimwage mafuta bwawani akitumaini kuhifadhi maji: atapoteza mafuta, na maji yatakauka vile vile.