Trela Mpya Yenye Ubovu: Mnunuzi Afanye Nini?

Mkulima akipanda mbegu mbovu hukosa mavuno ya msimu mmoja. Akinunua trela mbovu hupoteza fedha za misimu kadha, na pengine maisha ya mtu. Trela ya tani 3 ikijaa mahindi huchukua gunia 33 za kilo 90. Mzigo wa namna hiyo ukishuka kutoka Dundori kwenda Lanet, na mkono wa trela ukakatika mteremkoni, hakuna breki ya trekta itakayouzuia. Tena twajua sote kwamba watu hupanda juu ya magunia, ingawa wamekatazwa.

Kwa hiyo habari ya trela mpya yenye ubovu si ugomvi wa fedha tu. Hata hivyo wakulima wengi wakikuta ubovu katika kitu kipya hunyamaza. Husema, “Nimekwisha lipa, nitafanya nini?” Wengine hurudi kwa mwenye duka mara tano, mara sita, wakiomba kama watu wanaoomba msaada. Lakini mnunuzi aliyelipa fedha zake hadai msaada, anadai haki yake. Shida ni kwamba haki hiyo haikai milele. Kila siku unayoendelea kukitumia kile kitu, haki ya kukirudisha inapungua.

Mkulima mmoja wa skimu ya upande wa Dundori alikuja ofisini kwetu hapa Milimani akiwa na picha katika simu na karatasi moja iliyokunjwa mara nyingi. Mwezi wa Julai alikuwa amenunua trela ya tani 3 kwa Sh. 380,000. Nusu ya fedha ilitoka katika viazi vyake, na nusu ilikuwa mkopo. Safari ya kwanza alibeba mabua makavu, nayo ilikwenda vyema. Safari ya pili alibeba viazi, na alipofika nyumbani aliona ufa mahali mkono wa trela ulipochomelewa kwenye fremu. Akairudisha mjini.

“Mzee, huu ni ufa mdogo tu,” muuzaji akamwambia. “Kijana atauchomea sasa hivi, unywe chai urudi.”

“Lakini, bwana, trela ni mpya.”

“Mpya ndiyo hukaza, mzee.”

Ukachomewa. Mwezi wa Septemba ukapasuka tena, kando ya pale pa kwanza. Ukachomewa. Tena tairi ya kushoto ilianza kuliwa upande wa ndani mpaka nyuzi zikaonekana, kwa maana ekseli haikufungwa sawa. Akanunua tairi mbili. Mwezi wa Novemba, wakati wa kuvuna mahindi, mkono ulipasuka mara ya tatu, akakodi lori ili mazao yasinyeshewe shambani. Mwezi wa Januari alidai arudishiwe fedha zake. Jibu lilikuwa: “Mzee, umeitumia miezi sita. Sasa ni yako.”

Je, muuzaji alisema kweli? Alisema nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowadanganya watu wengi.

Kenya inayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyoanza kutumika mwaka 1931. Ilitungwa kwa kufuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kifungu cha 16 kinasema mambo mawili ambayo kila mkulima afaa kuyajua. La kwanza, ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kufanya na kile kitu, ukategemea ujuzi wake, naye ni mtu wa biashara hiyo, basi kitu atakachokuuzia ni lazima kifae kwa kazi hiyo. La pili, mtu anayeuza bidhaa za namna fulani huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba ni nzima na zinafaa kuuzwa kwa jina lile. Si lazima ahadi hiyo iandikwe au itamkwe. Trela isiyoweza kukokotwa na mzigo wake si trela, ni vyuma vyenye magurudumu. Lakini sheria hiyo yasema pia kwamba kama uliikagua bidhaa kabla ya kununua, huwezi kulalamika juu ya ubovu ambao ukaguzi wako ungaliuonyesha.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kadiri, na ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na ubovu wake. Iko pia Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Kwa hiyo yale maneno yaliyopigwa chapa chini ya risiti, kwamba mali ikiuzwa hairudi, yasikutishe. Karatasi ya dukani haina nguvu ya kufuta Katiba.

Sasa tuje kwenye ile nusu ya kweli. Kitu kikiwa na ubovu mkubwa, mnunuzi aweza kukikataa na kudai fedha zake zote. Lakini akikikubali, haki ya kukikataa huisha, naye hubakiwa na haki ya kudai fidia tu. Na kukubali si lazima useme, “Nimekubali.” Ukikaa nacho muda wa kutosha bila kumwambia muuzaji kwamba umekikataa, sheria hukuhesabu kuwa umekikubali. Ukikigeuza kana kwamba ni chako kabisa, kwa mfano kukiuza au kukikata na kukiunda upya, ni vivyo hivyo.

Muda wa kutosha ni siku ngapi? Sheria yetu hiyo haitaji hesabu, inaachia mahakama ipime. Katika kesi moja iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1987, mtu alikuwa amenunua motokaa mpya, nayo injini ikafa barabarani baada ya wiki tatu hivi na maili 140 tu. Donge la gundi lilikuwa limeachwa kiwandani ndani ya njia za mafuta ya injini. Hakimu alikubali kwamba motokaa ilikuwa mbovu, lakini akasema wiki tatu zilitosha kuijaribu, basi haiwezi kurudishwa. Mnunuzi akapata fidia tu. Uamuzi huo ulionekana mkali, na Waingereza walibadili sheria yao baadaye. Tangu mwaka 2015 mlaji wa kule ana siku 30 za kurudisha kitu kibovu na kupewa fedha zake zote. Sisi hatukubadili Sura ya 31 kwa namna hiyo. Basi mkulima ahesabu siku zake kama anayehesabu siku za dawa ya kupe.

Ufanye nini basi siku unapoona ufa? Acha kubeba mzigo siku hiyo hiyo. Najua hili ni gumu wakati wa mavuno, na wengi watanicheka, lakini kila gunia unalopakia baada ya kuona ubovu ni ushahidi wa upande wa pili. Piga picha ya mahali pabovu, na picha nyingine inayoonyesha trela nzima pamoja na namba yake. Kisha mwandikie muuzaji. Maneno ya mdomo hayashikiki, na kijana uliyezungumza naye dukani huenda mwezi ujao asiwe na kazi pale. Barua haihitaji wakili wala Kiingereza. Yatosha kuandika hivi:

“Kwa Meneja. Tarehe 14 Julai nilinunua kwenu trela ya tani 3, namba ya fremu ni hii, risiti namba hii, kwa Sh. 380,000. Niliwaeleza kwamba nitabebea mahindi na viazi. Tarehe 22 Julai mkono wake ulipasuka nikiwa na mzigo usiozidi tani 3. Trela haifai kwa kazi niliyoinunulia, kwa hiyo naikataa. Nataka mnirudishie fedha zangu katika siku 14. Trela iko shambani kwangu, mwaweza kuja kuikagua na kuichukua.”

Angalia maneno ya mwisho. Sheria haimlazimu mnunuzi kuikokota trela mpaka mjini ili aikatae. Yatosha kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa. Fanya nakala ya barua, na ukiipeleka kwa mkono mwombe mpokeaji aitie sahihi na tarehe kwenye nakala yako. Ukiituma kwa WhatsApp, usifute mazungumzo yale.

Huenda hutaki fedha, wataka trela nzima tu. Ni sawa, mpe muuzaji nafasi ya kutengeneza. Lakini andika kwamba unampa nafasi moja, na kwamba ubovu ukirudi utaikataa. Yule mkulima wa Dundori alikubali kutengenezewa mara tatu bila kuandika neno, na hapo ndipo alipopotezea nguvu yake. Kwa maoni yangu kutengeneza mara moja ni uungwana, mara tatu ni mchezo.

Kama ulinunua kwa mkopo, usiache kulipa ukifikiri kwamba ubovu wa trela umesimamisha deni. Aliyekukopesha, iwe benki au Shirika la Fedha za Kilimo (AFC), si yeye aliyechomea vyuma. Mjulishe mapema, hasa kama trela yenyewe imewekwa dhamana.

Muuzaji asipojibu, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2021 huko Milimani, yaani Milimani ya Nairobi, si hii yetu, na sasa iko Nakuru pia. Inapokea madai yasiyozidi Sh. 1,000,000, na daawa za mauzo ya bidhaa ni kati ya kazi zake. Mtu aweza kujisemea mwenyewe, na sheria yaagiza kesi imalizwe katika siku 60 tangu ilipofunguliwa. Kwa mkulima ambaye hawezi kwenda na kurudi mjini miaka miwili, hiyo ni nafuu kubwa.

Huko ndiko alikokwenda yule mkulima wetu. Wakati huo trela ilikuwa kwake zaidi ya nusu mwaka, basi alishauriwa asidai fedha zote bali fidia. Kabla ya siku ya kusikizwa, muuzaji alikubali kulipa Sh. 96,000, yaani gharama ya ekseli na mkono mpya kutoka kwa fundi mwingine, pamoja na zile tairi mbili. Hakulipwa hata senti ya lori alilokodi mwezi wa Novemba, ingawa hiyo ndiyo hasara iliyomuuma zaidi. Alimlipa dereva fedha taslimu kando ya shamba, bila risiti. Angalilipa kwa M-Pesa, angalikuwa na jina, tarehe na kiasi.

Kilichomsaidia ni karatasi ile iliyokunjwa. Yalikuwa maelezo ya fundi asiyehusika na upande wowote, aliyeikagua trela na kuandika kwa mkono wake kwamba chuma cha mkono kilikuwa chembamba mno kwa tani 3, na kwamba ekseli ilikuwa imekaa mshazari. Muuzaji alikuwa tayari kumkana mkulima, lakini hakuweza kukikana kipimo cha fundi.

Sasa neno kwa yule ambaye bado hajanunua. Kazi ya trela iandikwe kwenye karatasi ya kuagizia: tani ngapi, mazao gani, barabara za namna gani. Siku ya kuichukua nenda na uzi mrefu. Pima kutoka tundu la pini, mbele ya mkono wa trela, mpaka mwisho wa ekseli upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Vipimo viwili visipolingana, ekseli haikufungwa sawa, na tairi zitaliwa. Inua kila gurudumu kwa jeki, ulizungushe na kulitikisa. Tazama kila mahali palipochomelewa, na uwe na shaka na rangi nene iliyopakwa hapo tu, kwa maana huficha matundu. Tairi nazo zina tarehe: tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni. Ukiona 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na muuzaji akueleze imekaa wapi miaka yote hiyo. Mwisho, usimalize fedha zote kabla trela haijakokotwa ikiwa na mzigo. Bakisha sehemu, na siku ya kulipa salio iandikwe katika karatasi hiyo hiyo: baada ya safari ya kwanza yenye tani 3.