Marekani: Jinsi ya kumchagua mwongozaji wa kuwinda elki kwa upinde

Kila Septemba, milio ya madume ya elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, husikika katika Milima ya Rocky, magharibi mwa Marekani. Huo ni msimu wao wa kupandana, na pia msimu wa wawindaji wanaotumia upinde na mshale. Kwa mwindaji mgeni, uamuzi mzito hufanyika kabla ya safari: nani atamwongoza?

Sheria hutofautiana baina ya majimbo. Wyoming humkataza asiye mkazi kuwinda wanyama wakubwa katika nyika zilizotengwa na serikali kuu, isipokuwa awe na mwongozaji mwenye leseni au mkazi wa jimbo aliyepewa kibali cha kumsindikiza. Colorado haina sharti hilo, lakini kampuni za uwindaji hulazimika kusajiliwa na kuandikiana mkataba na mteja.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa malipo ya awali, thibitisha usajili kwa mamlaka ya jimbo. Picha za pembe hazitoshi. Uliza pia iwapo kampuni ina kibali cha kufanya kazi katika ardhi ya umma, na kila mwongozaji huhudumia wawindaji wangapi.

Hatimaye, uliza nyama itatolewaje porini. Uzito wa dume mmoja huweza kuzidi kilo 300, na joto la Septemba huharibu nyama upesi. Mwongozaji anayeijua kazi yake atakutajia idadi ya farasi, umbali wa kambi na muda wa safari. Akishindwa kuvitaja, tafuta mwingine.