Kabla ya kumponda mende, mjue ni yupi

Umeamka usiku kwenda chooni. Unawasha taa, na kumbe pale ukutani yuko mende mkubwa wa kahawia, anachezesha papasi zake kama mwenye nyumba. Unavua ndara.

Hebu zuia mkono kidogo, msomaji. Wataalamu wamekwisha kuzipa majina aina zaidi ya 4,000 za mende, nyingi zikiwa za misitu ya nchi zenye joto. Zinazoishi na binadamu ni kama 30 tu. Hao wengine hawana haja na ugali wako. Chakula chao ni majani yaliyooza na matunda yaliyoanguka.

Kuwatenganisha si kazi rahisi. Mtaalamu akipata mende mkubwa asiyemfahamu, humpima, akatazama ngao inayofunika kichwa, mishipa ya mabawa na miiba ya miguu. Lakini umbo hudanganya. Mende mchanga hana mabawa hata kama wazazi wake wanayo, na dume huenda asifanane na jike. Kwa hivyo hulipasua tumbo la dume na kuchunguza viungo vya uzazi kwa darubini, kwani huko ndiko aina zinazofanana hujitenga. Siku hizi huchunguza pia chembe za urithi. Kisha hulinganisha na mende wa zamani waliohifadhiwa katika makavazi. Akiridhika huchapisha maelezo na jina, na mende mmoja hutungwa kwenye pini awe shahidi wa jina hilo, ili mwenye shaka aende kumtazama.

Ni kazi ya subira. Yule mende mkubwa wa Madagaska asiye na mabawa, anayefoka kama nyoka kupitia matundu yake ya kupumulia, alielezwa mwaka wa 1853. Ndugu yake wa karibu, Gromphadorhina oblongonota, alipata jina lake mwaka wa 1973, miaka 120 baadaye!

Utauliza, hayo yanahusu nini afya yako? Mwaka wa 1986, katika jimbo la Florida, Marekani, watu walishangaa kuona mende wadogo wa jikoni wakiishi nje na kuruka kuelekea kwenye taa. Mtaalamu Louis Roth alipowachunguza alikuta si wale wa jikoni bali ni Blattella asahinai kutoka Asia, aina iliyokuwa imepewa jina miaka mitano tu kabla ya hapo. Dawa inayopuliziwa nyuma ya jiko haiwezi kumfikia mdudu anayelala kwenye majani ya uwanjani.

Hapa kwetu, yule mkubwa wa chooni ni Periplaneta americana. Jina hilo lina uongo ndani yake, maana asili yake ni Afrika. Marekani alipelekwa na meli. Makao yake ni mitaro ya maji machafu na mashimo ya vyoo, na anapotoka huko na kupita juu ya sufuria, miguu yake huacha bakteria za kuhara. Mwenzake mdogo, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, ni Blattella germanica. Huyu naye si Mjerumani. Uchunguzi uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba alitokana na yule jamaa wa Florida, huko Asia ya Kusini, yapata miaka 2,100 iliyopita. Huingia nyumbani ndani ya katoni na mikoba.

Kinyesi na magamba ya wote wawili huamsha pumu, hasa kwa watoto. Kwa hivyo usimpulizie mtoto dawa kali chumbani kwa kubahatisha. Ukiona wakubwa, funika shimo la choo, weka wavu kwenye tundu la maji bafuni na uzibe nyufa. Ukiona wadogo, sugua mafuta nyuma ya jiko, kagua katoni kabla hazijaingia, na utumie chambo chenye sumu mahali ambapo watoto hawafiki.

Na ukikutana na mende wa ajabu chini ya gogo shambani, huyo hakufuati nyumbani. Mwache, au mtie katika chupa yenye spiriti, uandike mahali na tarehe, uwapelekee wataalamu wa wadudu pale makavazini Nairobi.