Kutoka Kawetele Hadi Mwambao: Hesabu za Safari ya Pikipiki

Kawetele, katika mji wa Tukuyu wilayani Rungwe, iko yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai ukungu hutanda juu ya migomba na mashamba ya chai, na mpanda pikipiki hatoki nyumbani bila koti zito. Siku hiyo hiyo, huko Mtwara kando ya Bahari ya Hindi, watu hutafuta kivuli. Kati ya sehemu hizi mbili kuna kiasi cha kilomita 1,200 za barabara, kwa kupitia Makambako, Njombe, Songea, Tunduru na Masasi. Kutoka Mtwara kuelekea kaskazini kwa kuufuata mwambao wa Lindi, Kilwa na Rufiji hadi Dar es Salaam kuna nyingine zaidi ya 550.

Kijana mwenye pikipiki ya kawaida, hema na sufuria moja anaweza kuimaliza safari hiyo katika majuma mawili. Watu wengi hujiandaa kwa kukusanya vitu: kamba, tochi, viraka, mablanketi. Vitu hivyo vinahitajika, lakini kuna jambo ambalo aghalabu husahauliwa. Pikipiki ya Kawetele imerekebishwa kwa hewa ya mlimani, na mwili wa mwenyewe umezoea baridi ya mlimani. Wahenga walionya kwamba usisafirie nyota ya mwenzio. Ushauri unaomfaa mkazi wa Dar es Salaam haumtoshi mtu anayeteremka kutoka Rungwe. Maandalizi yake huanza kwa karatasi, kalamu na kanuni chache zinazofundishwa katika shule za sekondari.

MAJIRA NA MAFUTA

Uamuzi wa kwanza ni wakati wa kuondoka. Mwambao wa kusini hupata mvua zake hasa kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingine mvua hizo huchelewa kuisha. Vimbunga vya baharini ni nadra katika pwani ya Tanzania, lakini vimewahi kufika. Kimoja kilipiga Lindi mwezi Aprili 1952. Mwanzoni mwa Mei 2024 mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam katika wilaya ya Kilwa, na wasafiri wengi wakakwama. Kwa hiyo miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo salama zaidi. Miezi hiyo ina faida nyingine: upepo wa kusi huvuma. Majahazi yaliutumia upepo huo kwa karne nyingi kwenda kaskazini, na mpanda pikipiki anayetoka Mtwara kwenda Dar es Salaam ataupata zaidi mgongoni kuliko usoni.

Hesabu ya pili ni ya mafuta. Ikiwa pikipiki yenye mzigo hutumia lita 3 kwa kila kilomita 100, safari ya kilomita 1,750 itahitaji lita 52 na nusu. Tangi la lita 12 litaifikisha pikipiki hiyo kilomita 400. Sehemu ndefu kati ya miji mikubwa katika njia hii ni ile ya Songea hadi Tunduru, ambayo haifiki kilomita 300. Msafiri anayejaza tangi katika kila mji mkubwa hana haja ya kubeba dumu la petroli. Hesabu ndogo kama hiyo humwondolea uzito wa kilo kadhaa pamoja na hatari ya moto karibu na hema lake.

Akilazimika kubeba dumu, asilijaze hadi mdomoni. Petroli hutanuka kwa kiasi cha sehemu moja katika elfu moja kwa kila nyuzi 1 ya joto. Lita 10 zilizopimwa Kawetele katika nyuzi 15 za Selsiasi zitaongezeka kwa karibu tano-moja ya lita zitakapofikia nyuzi 35. Kimiminika hakigandamiziki kwa urahisi. Kikikosa nafasi, chombo hupasuka au huvuja.

MZIGO NI WENZO

Pikipiki iliyopakiwa mzigo nyuma hufanya kazi kama wenzo. Egemeo lake ni ekseli ya gurudumu la nyuma. Chukuliwe mfano wa mzigo wa kilo 40 ambao kitovu chake cha uzito kiko sentimita 40 nyuma ya egemeo hilo, katika pikipiki ambayo ekseli zake mbili zimetengana kwa sentimita 130. Kwa kanuni ya wenzo, mzigo huo huliondolea gurudumu la mbele uzito wa 40 × 40 ÷ 130, yaani kilo 12 na kidogo.

Gurudumu la mbele ndilo linalogeuza pikipiki, na ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Likipunguziwa uzito, hushika barabara kwa udhaifu, usukani huwa mwepesi mno, na katika kona yenye mchanga huteleza. Mzigo huo huo ukisogezwa mbele hadi kitovu chake kikae juu kabisa ya ekseli ya nyuma, hauondoi chochote mbele. Kwa sababu hiyo maji, vyakula na spana huwekwa katika mifuko miwili inayoning'inia kila upande, chini na karibu na kiti. Hema na nguo, ambazo ni nyepesi, huwekwa nyuma na juu. Mifuko hiyo miwili ipimwe kwa mizani, isikadiriwe kwa mkono. Pikipiki yenye upande mmoja mzito humlazimisha mpandaji kuipinga siku nzima, na uchovu huo ndio unaomtoa barabarani jioni.

MTEREMKO NA BREKI

Msafiri wa Kawetele haanzi kwa kuteremka. Kwanza hupanda hadi Isyonje, kupita mita 2,000, kisha huteremka kuelekea Uyole. Mbele yake kuna milima ya Njombe na miteremko ya Lukumburu kabla ya kufika Songea. Katika kila mteremko nishati ya kimo haipotei. Ni lazima igeuke kuwa kitu kingine.

Pikipiki ya kilo 120, mpandaji wa kilo 70 na mzigo wa kilo 50 hufanya jumla ya kilo 240. Kundi hilo likishuka kimo cha mita 500, nishati inayotolewa ni 240 × 9.8 × 500, ambayo ni karibu jouli 1,180,000. Kama mpandaji atategemea breki peke yake ili mwendo usiongezeke, karibu nishati hiyo yote itageuka kuwa joto ndani ya breki. Joto hilo lingetosha kuchemsha lita 3 na nusu za maji baridi ya Rungwe. Breki zilizopata moto kiasi hicho hupungukiwa na msuguano. Mpandaji hukanyaga na pikipiki haisikii, na mara nyingi jambo hilo hutokea chini ya mlima, penye kona ya mwisho.

Dawa yake ni kuteremka kwa gia ndogo tangu juu ya kilima. Injini hulazimika kuzunguka kwa kasi na kula sehemu kubwa ya nishati hiyo kwa kusukuma hewa na kwa msuguano wa vyuma vyake, na joto hutolewa na mapezi ya silinda yaliyoundwa kwa kazi hiyo. Breki huachiwa kazi ya kona na ya dharura. Kabla ya safari, viatu vya breki vilivyokwisha vibadilishwe, kisha pikipiki ijaribiwe ikiwa na mzigo wote katika mteremko mfupi wa karibu na nyumbani.

HEWA NDANI YA INJINI NA MATAIRI

Kanieneo ya hewa usawa wa bahari ni kiasi cha kilopaskali 101. Kawetele ni karibu 85. Ndiyo maana maji ya Kawetele huchemka katika nyuzi 95 hivi badala ya 100, na maharage huchukua muda mrefu jikoni.

Injini pia huiona tofauti hiyo. Ili petroli iungue vizuri, kila gramu 1 yake huhitaji takribani gramu 15 za hewa. Hewa ya mlimani ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa kwa pwani humwaga petroli nyingi kupita hewa iliyopo. Plagi hutoka nyeusi kwa masizi. Mafundi wa nyanda za juu hulirekebisha jambo hilo kwa kupunguza petroli. Pikipiki iliyorekebishwa hivyo ikifika Mtwara hupata hewa nyingi na petroli chache. Injini hupata joto kupita kiasi, na plagi hutoka nyeupe. Msafiri mwenye busara hufungua plagi baada ya kufika nyanda za chini na kuisoma: rangi ya kahawia ni afya, nyeupe ni ishara ya kumwona fundi kabla ya kuendelea. Pikipiki mpya zenye mfumo wa elektroniki wa kupulizia petroli hujipima zenyewe, lakini zile za kabureta bado ni nyingi barabarani.

Matairi yana somo la kushangaza zaidi. Kipimo cha upepo huonyesha tofauti kati ya kanieneo ya ndani na ile ya nje. Tairi likisoma kilopaskali 200 Kawetele, ndani yake mna 285. Nje ikipanda hadi 101, mtu angetegemea kipimo kishuke hadi 184. Lakini joto nalo limepanda kutoka nyuzi 15 hadi 30, na kwa kanuni ya gesi kanieneo ya ndani hufikia karibu 300. Kipimo kitasoma 199. Mambo mawili yamepingana na karibu kufutana.

Kosa hutokea mchana. Tairi linalozunguka juu ya lami ya moto huweza kufikia nyuzi 60, na kipimo kitazidi 225. Mpandaji anayeshtuka na kutoa upepo saa nane za mchana ataamka na tairi lililolegea, ambalo kwa mzigo hupata moto zaidi na kuharibika. Upepo hupimwa asubuhi, kabla ya kuondoka.

HEMA NA MAJI YA BAHARI

Mtu aliyekulia kando ya mito ya Rungwe huweza kuutazama ufuko mpana wa mchanga na kuuona uwanja mzuri wa kulala. Ufuko huo una mwenyewe. Katika mwambao wa Tanzania maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua, siku zinazofuata mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti ya kimo kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mahali ambapo ufuko huinuka mita 1 kwa kila mita 30, maji hayo husogea zaidi ya mita 90 kuelekea nchi kavu.

Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi jioni na tena karibu na saa kumi alfajiri. Msafiri anayefika saa nne za usiku huyakuta yamepwa, na hufunga hema mahali ambapo bahari itarudi akiwa usingizini. Alama za kutafuta ni mstari wa juu kabisa wa mwani mkavu na mahali ambapo majani yanayotambaa yanaanza kuota. Hema hukaa juu ya alama hizo. Jambo la hakika kuliko yote ni kuwauliza wavuvi, ambao hesabu ya mwezi wanayo kichwani, na kuomba ruhusa kwa viongozi wa kijiji.

Asubuhi mnyororo na spoku zifutwe kwa maji baridi na kupakwa oili, kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewa na kuharakisha kutu.

HATARI INAYORUDI NYUMBANI

Hatari kubwa ya safari hii haina uzito wala kelele. Vimelea vya malaria ni lazima vikue kwanza ndani ya mbu kabla ya kumwambukiza mtu. Katika nyuzi 28 kazi hiyo huchukua siku 10 hivi. Joto likikaribia nyuzi 18 ukuaji huo hupungua mno, na mbu wengi hufa kabla haujakamilika. Baridi ya Rungwe ni kinga ya watu wake, lakini kwa sababu hiyo hiyo miili yao haikujifunza kupambana na malaria kama miili ya watu wa pwani.

Chandarua chenye dawa, kwa hiyo, kihesabiwe pamoja na breki. Ushauri wa mganga kuhusu dawa za kukinga utafutwe kabla ya kuondoka. Tena dalili huweza kuchelewa siku 7 hadi 14, au zaidi. Msafiri anaweza kurudi Kawetele salama, akaiosha pikipiki, akawasimulia jamaa zake, kisha homa ikamshika juma linalofuata. Mwenyewe na wauguzi wake wanaweza kudhani ni mafua ya baridi. Katika saa hiyo, sentensi moja aliyoiandaa tangu mwanzo huweza kuokoa maisha yake: "Nilikuwa pwani, naomba nipimwe malaria."

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Mzigo wa kilo 30 umewekwa sentimita 26 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli zimetengana kwa sentimita 130. Gurudumu la mbele limepunguziwa kilo ngapi?

2. Pikipiki, mpandaji na mzigo wana jumla ya kilo 200, nao wameshuka kimo cha mita 300. Ni jouli ngapi zimetolewa, na zimekwenda wapi?

3. Pima joto la maji yanayochemka shuleni kwako. Linganisha na nyuzi 100, kisha eleza tofauti hiyo kwa kutumia kimo cha mahali mlipo.