Siku moja ya waandishi: Mpanda, Tabora au Dar es Salaam?

Mwandishi wa Mpanda mwenye mswada mkobani na hamu ya kukaa siku moja na wenzake ana njia tatu: kukutana nao mjini hapo hapo, kupanda basi kwenda Tabora, au kuifunga safari ya Dar es Salaam. Wengi huanza kwa kuuliza kiingilio cha kongamano, na kiingilio mara nyingi ndicho kidogo kuliko gharama zote. Kinachokula pesa ni barabara. Na thamani ya siku yenyewe hutegemea dakika ambazo kazi yako itasomwa mbele ya watu wanaosikiliza.

Tuanze na barabara. Nauli kikomo za mabasi ya mikoani zilizotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, mwaka 2023 ni shilingi 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida, na 67.84 kwa daraja la kati. Zikishabadilika, weka namba mpya. Njia ya kukokotoa haibadiliki. Barabara ya Tabora, Koga hadi Mpanda ina kilomita kama 343, kwa hiyo kwenda na kurudi kwa daraja la kawaida ni karibu 33,250. Ongeza gesti usiku mbili kwa 20,000 kila usiku, na chakula cha siku tatu kwa 10,000 kwa siku. Umeshafika 103,250, na mlango wa ukumbi bado hujaufungua. Treni ya Tabora ipo, ila haiondoki kila siku, na ratiba ya kongamano haimsubiri mtu.

Dar ni zaidi ya kilomita 1,100. Nikihesabu 1,150, nauli ya kawaida kwenda na kurudi ni kama 111,500. Gesti usiku mbili kwa 30,000 kila usiku, chakula siku nne kwa 12,000 kwa siku, daladala na bodaboda 10,000: jumla 229,500. Ukitaka kuupumzisha mgongo, shuka Dodoma upande treni ya SGR. Daraja la kawaida Dodoma hadi Dar lilianza kwa 31,000 mwaka 2024, yaani kama 9,000 juu ya nauli ya basi la kawaida kwa kila upande. Ndege ya Air Tanzania hutua Mpanda, lakini kwa anayejilipia kutoka mshahara wa ualimu sioni sababu ya kuifikiria kwa kongamano la siku moja.

Sasa Mpanda. Tuseme kiingilio ni 10,000 cha ukumbi na chai, bodaboda 4,000 kwenda na kurudi, wali maharage kwa mama lishe 3,000, na nakala nane za kurasa zako tano kwa 200 kwa ukurasa, yaani 8,000. Jumla 25,000. Safari moja ya Dar ni mikusanyiko tisa ya Mpanda.

Lakini bei ndogo peke yake haitoshi. Wakikutana waandishi kumi na wawili na kutenga saa tano za kusoma, kila mmoja anapata dakika 25: anasoma, wenzake wanafuata kwenye nakala, kisha wanamwambia walichokisikia. Hapo umelipa shilingi 1,000 kwa dakika. Kwenye ukumbi mkubwa wa Dar wenye watu mia mbili utapata swali moja, ukibahatika kushikishwa kipaza sauti.

Kuna kitu kingine ambacho Dar haiwezi kukuuzia. Ukiandika kwamba mto Katuma umefurika Septemba, msikilizaji wa Mpanda atakusimamisha, maana anajua kuwa mwezi huo viboko wa Sitalike wanabanana kwenye vidimbwi. Ukimweka mhusika wako Katumba miaka ya 1970, huenda yumo ukumbini mtu ambaye wazazi wake walifika pale kutoka Burundi. Wasomaji wa namna hiyo ndio wanaoipa hadithi ya Katavi ukweli wake.

Kampala wameijua thamani ya wasikilizaji wa karibu siku nyingi. FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichoanzishwa miaka ya 1990, kimekuwa na kikao cha kusomeana kazi kila Jumatatu. Monica Arac de Nyeko, mshindi wa Tuzo ya Caine ya 2007, alikuwa mwanachama wake.

Kabla ya kulipa kiingilio popote, omba ratiba. Ikiwa imejaa ufunguzi, mgeni rasmi, mada tatu na picha ya pamoja, bila saa ya kusoma kazi za washiriki, baki na pesa yako. Cheti kisikuvute, hakuna mhariri atakayekiuliza. Ukiambiwa uchangie kitabu cha pamoja, usitoe kitu mpaka idadi ya nakala zako iandikwe. Wala usitishwe kwamba kazi isiyosajiliwa haina mwenyewe: haki ya mtunzi huanza pale kazi inapoandikwa, na usajili wa COSOTA huisaidia tu kuithibitisha.

Dar ina wakati wake, nao ni pale mswada umekamilika na unatafuta mchapishaji. Hata hapo, jaribu kwanza kuutuma wenyewe. Kwa mfano, Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilimpa mshindi wa kwanza wa kila uwanja shilingi milioni 10 ilipotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, na serikali hugharimia uchapaji wa kazi zilizoshinda.

Hesabu yangu ya 25,000 ni ya mkazi wa mjini tu. Anayetoka Karema au Mishamo, siku moja Mpanda inamgharimu siku mbili au tatu, na masika huenda asifike kabisa. Kwa hiyo ningewaomba waandaaji waitazame tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani tangu UNESCO ilipoipitisha mwaka 2021. Ni sikukuu ya Sabasaba, walimu hawaombi ruhusa kazini, ni kiangazi na barabara zinapitika. Na kumi wa mjini tukichanga 12,000 badala ya 10,000, wawili wa mbali wataingia bila kiingilio.