Mzigo wa Kuba

Mzuru aingiapo katika misikiti mikuu ya Istanbul na Edirne, jambo la kwanza limtekalo macho ni mapambo: vigae vya Iznik vyenye maua ya buluu na mekundu, khati za aya tukufu zilizozunguka kuba, na taa zilizoteremshwa kwa minyororo mpaka karibu na vichwa vya watu. Mapambo hayo yana haki yake ya kutazamwa. Lakini mwenye kutaka kuufahamu ujenzi wa Waothmani hana budi kujiuliza kwanza suali moja, nalo ni hili: mzigo wa kuba lile kubwa umechukuliwa na nini, na umepitia wapi hata ukafika ardhini?

Suali hilo si la mafundi peke yao. Swala ya jamaa hutaka safu zilizonyooka, bega kwa bega, na baadhi ya wanazuoni wamekirihi kupanga safu baina ya nguzo pasipo dharura. Katika misikiti mingi ya kale ya pwani yetu, ambako upana wa nafasi hufuata urefu wa boriti, nguzo zilisimama katikati ya waumini kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine. Na huko Uturuki vilevile, Ulu Cami wa mji wa Bursa, wenye makuba 20, una nguzo 12 nene zilizosimama mle ndani. Waothmani walipoufungua mji wa Constantinople, ndio Istanbul, mwaka 1453 walilikuta kanisa la Hagia Sophia, lililokamilishwa mwaka 537, kuba lake la upana wa mita 31 hivi likiwa juu ya uwazi mmoja mkubwa. Na tangu hapo wajenzi wao hawakustarehe.

Aliyelishika jambo hilo mpaka mwisho wake ni Sinan, mzaliwa wa kijiji kimoja karibu na Kayseri katika nyumba ya Wakristo, aliyechukuliwa katika utumishi wa Sultani, akawa askari na mjenzi wa madaraja vitani, kisha akashika cheo cha mjenzi mkuu wa dola kwa muda wa miaka 50 hivi, mpaka alipofariki mwaka 1588. Katika msikiti wa Şehzade, uliokwisha mwaka 1548, alilizungushia kuba nusu-kuba nne, moja kila upande. Ni kazi nzuri, ila nguzo zake nne zingali zimejitenga katikati ya safu.

Süleymaniye, uliojengwa baina ya mwaka 1550 na 1557, wataka subira zaidi. Yafaa ikumbukwe kwamba kuba halilemei chini tu, bali husukuma na nje pia, na fundi asipolizuia mbavuni litapasuka. Sinan aliweka nusu-kuba upande wa kibla na nyingine mkabala wake. Lakini ubavuni, kulia na kushoto, hakuweka nusu-kuba, bali tao kubwa lililojazwa ukuta wenye madirisha, na mihimili minene iliyohitajika kulizuia akaificha ndani ya kuta za pembeni, akaipambia baraza baina yake, hata mtu hupita asijue kwamba amepita ubavuni mwa egemeo la jengo zima. Ufichaji huo ndio unishangazao kuliko vigae vyote. Nje kulijengwa madrasa, hospitali, hamamu na jiko la kuwalisha maskini, vyote vikiwa wakfu mmoja. Na husimuliwa kwamba moshi wa taa za mafuta ulivutwa na hewa mpaka chumba kilicho juu ya mlango mkuu, masizi yake yakakusanywa yakafanywa wino.

Hata hivyo, asiyefika Edirne hajaona mwisho wa hoja. Katika msikiti wa Selimiye, uliojengwa tangu mwaka 1568 na kukamilika alipokuwa mzee sana, Sinan aliziacha zile nguzo nne, akalitegemeza kuba lenye upana wa zaidi ya mita 31 juu ya nguzo nane, akazisogeza karibu na kuta, hata sehemu yote ya katikati ikawa chini ya kuba moja. Kitu kimoja tu kimesimama hapo kati, nacho ni jukwaa la waadhini, ambalo wengine wamelilaumu kuwa lauzuia mtazamo. Mimi naona lina haki, kwani sauti ya mwadhini yatoka pale pale kuba linapokusanya kila kitu.

Mzuru na aende nje ya nyakati za swala, akaketi kwanza kando ya ukuta, azihesabu nguzo. Kisha atoke uani atazame juu, ataviona vijinara vinane vimelizunguka kuba, kila kimoja kimekaa juu ya nguzo yake, kikiukandamiza kwa uzito wake ule msukumo utakao kutoka nje ili uelekee chini.