Jitihada Si Nguvu Tu

Ndugu msikilizaji, wiki hii tulitazame neno ambalo haliishi midomoni mwa viongozi wala katika taarifa ya habari: jitihada. Huambiwa "jitihada zinaendelea", nasi tukaridhika. Je, ni kitu gani hasa kinachoendelea?

Wengi hudhani kuwa ile ji ya kujitahidi ni sawa na ji ya kujisaidia au kujipenda. Sivyo. Mtu anaweza kumsaidia mwenzake na kumpenda, lakini hawezi kumtahidi, kwani kitenzi hicho hakipo. Neno lote limetoka katika Kiarabu, ijtihad, na shina lake ndilo lililotupatia pia juhudi na jihadi. Kwa wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, ijtihad ni kazi ya mwanachuoni aliyebobea anapokutana na suala lisilo na hukumu ya wazi katika Kurani na Hadithi. Hupima dalili, hulinganisha, hutumia akili yake yote, ndipo hukata shauri. Kumbe ndani ya jitihada mna jasho, na mna mizani pia.

Mtazame anayepanga magari kwenye kivuko cha Kamanga: lori hapa, gari dogo kule, uzito usielemee upande mmoja. Yeye hasukumi kitu, bali anapima. Hiyo nayo ni jitihada.

Sisi watu wa Ziwa tunaijua gharama ya kukosa kupima. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi. Baadhi ya abiria walikuwa bado hai ndani yake. Waokoaji, kwa nia njema kabisa, wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli juu ya maji ikatoka, na meli ikazama. Nguvu zilikuwepo, huruma ilikuwepo, mizani haikuwepo. Tarehe 20 Septemba 2018 ikawa zamu ya MV Nyerere, karibu na Ukara. Kivuko cha watu 100 kilibeba zaidi ya mara mbili, na waliokufa walizidi 200.

Basi, msikilizaji, siku utakapoambiwa tena kwamba jitihada zinafanyika, usiulize tu nani anatoka jasho. Uliza pia nani amepima, na amepima nini.

Tukutane wiki ijayo.